Tunafuta cha Kutunza, Tunatunza cha Kufuta

Jumamosi moja ya hivi karibuni nilikaa sakafuni sebuleni kwangu, hapa Buhongwa, bisibisi mkononi, na mbele yangu kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu. Ni kompyuta ya siku nyingi. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka saba imewahudumia watoto wangu kwa zamu. Wiki ile ilianza kutoa mlio wa kugongagonga, kisha ikagoma kuwaka. Nilimsikilizisha fundi mmoja wa mjini mlio ule kwa simu, naye akatoa hukumu bila kusita: "Dokta, hiyo hadi diski imekufa. Njoo nikupe nyingine."

Diski mpya ilikuwa juu ya uwezo wa mfuko wangu wa katikati ya mwezi. Iliyotumika, yenye ujazo wa GB 160, ilikuwa shilingi 30,000. Fundi aliifuta vumbi kwa shati lake, akanihakikishia: "Nimeshaifomati. Nyeupe kabisa." Nikapanda daladala kurudi Buhongwa, diski ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, nimeishika kama mtu aliyebeba cheti.

Niliamua kuifunga mwenyewe, kwa sababu nilitaka binti yangu wa kidato cha tatu aone kuwa mashine si muujiza. Kazi yenyewe si ngumu. Unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, unafungua skrubu nne, unatoa diski ya zamani, unaingiza nyingine, kisha unaunganisha nyaya mbili, mmoja wa data na mmoja wa umeme. Kizazi changu kilianzia kwenye magumu zaidi. Kompyuta za kwanza tulizozifungua chuoni zilikuwa na mkanda mpana wa nyaya wenye nafasi 40 za pini. Diski mbili zilipokaa kwenye mkanda mmoja, ilitubidi kuhamisha kijipini kidogo nyuma ya kila moja ili mashine ijue ipi ni bwana na ipi ni mtumwa. Ndivyo watengenezaji walivyoziita, bila haya yoyote. Tuliyatamka maneno hayo mchana katika maabara, na jioni tukaenda kumsoma Walter Rodney.

Tulipowasha kompyuta kwa kutumia Linux iliyokuwa kwenye flashi, diski ilionekana kuwa tupu, kama fundi alivyoahidi. Nilikuwa nakaribia kuendelea binti yangu alipouliza: "Baba, kama vitu vimefutwa, vimekwenda wapi?"

Ni swali la mtoto, lakini nimefundisha watu wazima wengi ambao hawajawahi kuliuliza. Nilimjibu kwa mfano wa maktaba. Fikiria maktaba yenye vitabu elfu kumi na kabati moja la kadi zinazoonyesha kila kitabu kiko rafu gani. Ukiichoma kabati ile, msomaji atakayeingia mlangoni atasema maktaba haina kitu, kwa kuwa hana pa kuanzia kutafuta. Lakini vitabu viko palepale kwenye rafu. Ufomatiji wa haraka, ule unaokwisha kwa sekunde chache, huchoma kadi tu. Vitabu huondoka pale tu vitakapoandikwa vingine juu yake, na hilo laweza kuchukua miaka, au lisitokee kabisa.

"Tuone," akasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilichukua programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haisumbukii kadi za kabati bali hupita rafu kwa rafu ikitafuta chochote chenye umbo la faili, nikaielekeza ihifadhi itakachokipata kwenye diski yangu ya nje. Nilifikiri tutaokota nyimbo chache na picha za harusi, binti acheke, somo liishe. Baada ya saa mbili hivi tulikuwa na maelfu ya mafaili, yote yakiwa yamepoteza majina na kubaki na namba. Nilifungua machache. Picha za pasipoti. Nakala za vyeti vya kuzaliwa. Orodha ya mishahara. Ilikuwa kompyuta ya ofisi, na ofisi hiyo sitaitaja. Kisha nikafungua barua. Mwanamke mmoja, mtumishi, alikuwa akimwomba mkuu wake ahamishiwe karibu na hospitali anakotibiwa. Aliutaja ugonjwa wake kwa jina, na katika mstari wa tatu akaomba jambo hilo libaki siri kwa kuwa hata mumewe hajaelezwa.

Niliifunga barua ile, lakini nilikuwa nimechelewa. Binti yangu alikuwa amekaa begani kwangu, na husoma haraka kuliko mimi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Baba, huyu mama anajua kwamba sisi tunajua?"

Sikuwa na jibu. Nilizima kioo, nikatoka nje kukaa barazani, nikiyatazama magari ya barabara ya Shinyanga. Na hapo, ndugu msomaji, lilinijia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2010, nikikusanya data za shahada ya uzamivu, niliishi kwa miezi kadhaa katika mialo ya Ukerewe. Nilikuwa nikichunguza uhusiano kati ya wavuvi na wale waliopewa dhamana ya kusimamia uvuvi. Niliwahoji watu 43 na kurekodi sauti zao. Walinieleza mambo ambayo mtu hamwelezi mgeni: nani anavua kwa kokoro, nyavu za timba zinapitia wapi, nani analipwa ili asione, na ni kiasi gani. Kabla ya kila mahojiano nilisoma tamko la maadili ya utafiti, kisha nikalieleza kwa maneno yangu: "Mzee, haya yatabaki kati yetu. Jina lako halitaonekana popote." Na kweli, katika tasnifu yangu halionekani jina hata moja. Niliwabadilisha majina, nikabadilisha na majina ya mialo, na watahini wakanisifu kwa hilo.

Mwaka 2012, nikiwa nimebanwa na gharama za kumalizia masomo, niliiuza kompyuta mpakato iliyokuwa na sauti zote 43. Nilinakili mafaili yangu kwanza, kisha nikaifomati. Nakumbuka nilifurahi jinsi ilivyokuwa haraka, maana mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri. Nilichoma kadi, nikauza maktaba.

Tangu Jumamosi ile nimekuwa nikijiuliza maswali mawili. La kwanza ni langu: sauti zile ziko wapi? La pili ni letu sote: ni maktaba ngapi za namna hiyo zinazouzwa, kugawiwa na kutupwa katika nchi hii kila mwaka?

Historia yetu na mashine hizi ina kejeli zake. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa mahesabu ya serikali kuvurugika na gharama kuwa kubwa, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Leo tuko upande wa pili. Namba ya kitambulisho cha taifa, alama za vidole za kusajili laini ya simu, taarifa za mkopo, za bima, za shule na za hospitali, vyote viko ndani ya mashine. Tumejifunza upesi sana kukusanya. Kufuta hatujajifunza.

Si kwamba sheria hazipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde, na asizikalie kupita haja iliyomfanya azikusanye. Lakini sheria hukaa kwenye kabati, na kompyuta chakavu hukaa kwenye stoo mpaka siku ya mnada. Siku hiyo watu hukagua kama kioo kina ufa, kama kibodi imetimia, na dalali hupandisha bei. Mwenye kuuliza diski imesafishwaje ni nadra.

Wala tusidhani ni uzembe wa Waafrika. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Diski 129 zilisomeka, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na namba za kadi za benki kwa maelfu, pamoja na taarifa za matibabu. Ikiwa walio karibu na viwanda vya teknolojia hiyo walikuwa hivyo, sisi tunaopokea kompyuta zao zilizotumika tunapokea na siri zao, kisha tunaongeza zetu juu yake.

Sasa nieleze upande wa pili wa sarafu, kwa maana hapo ndipo penye uchungu. Nchi hii ambayo haiwezi kufuta barua ya mgonjwa inajua sana kupoteza kumbukumbu za umma. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa "faili halionekani"? Hapa Buhongwa, ambako mji umepanuka mbio na viwanja vimegeuka dhahabu, jirani yangu amezunguka miaka mitatu akitafuta ramani ya upimaji ambayo yeye mwenyewe aliiona kwa macho yake na kuilipia ada. Mara anaambiwa faili limehamishwa. Mara anaambiwa kompyuta iliingia virusi "ikafomatiwa". Neno hilo la kitaalamu limekuwa kichaka. Zamani ofisi iliyotaka kuficha jambo ilihitaji moto. Siku hizi inahitaji fundi. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na chini yake kumbukumbu ya umma haiteketezwi kwa utashi wa mtu mmoja. Lakini nani humwuliza fundi ana kibali cha nani?

Kwa hiyo tumepindua mambo. Kilicho cha umma, yaani ramani, mihtasari ya vikao na hesabu, hupotea kana kwamba kilikuwa siri ya mtu. Kilicho siri ya mtu, yaani ugonjwa wake, deni lake, ndoa yake, hubaki na kuzunguka sokoni kana kwamba kilikuwa mali ya umma. Mwananchi anayedai haki yake anaambiwa mashine imesahau. Mwananchi anayeomba asahauliwe hajui kwamba mashine inamkumbuka.

Turudi sebuleni kwangu. Nilifuta kwanza vile vilivyookolewa kwenye diski ya nje, kisha nikaiagiza Linux iandike sifuri juu ya kila sehemu ya ile diski ya GB 160, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kubonyeza nilikagua mara tatu jina la diski niliyoichagua, kwa sababu amri hii haina huruma wala majuto. Kwa diski ya umri ule kazi huchukua karibu saa nzima. Ilipofika kwenye robo tatu umeme ukakatika, tukaanza upya uliporudi usiku.

Kwa faida ya wasomaji wanaotumia Windows, tofauti iko katika alama moja ndogo kwenye dirisha la kufomati, ile inayochagua njia ya haraka. Ukiiondoa, Windows kuanzia toleo la Vista huandika sifuri kwenye diski yote. Toleo la XP, ambalo bado nakutana nalo katika baadhi ya ofisi, halifanyi hivyo. Lilikuwa likikagua tu kama kuna sehemu mbovu. Kwa diski za sahani zinazozunguka, kupita mara moja kunatosha. Zile zisizo na sahani, pamoja na flashi, zina tabia nyingine, kwani huhamisha data zenyewe kwa ndani, na kuandika juu yake hakutoi uhakika; dawa yake ni amri ya ufutaji ya mtengenezaji, au kuzifunga kwa usimbaji tangu siku ya kwanza. Na diski iliyokufa, kama ile yangu iliyokuwa ikigonga, haifomatiki. Hiyo ni ya nyundo. Tuliifungua, tukazitoa sahani zake zing'aazo kama kioo, binti yangu akajitazama humo, kisha tukazikwaruza na kuzipiga hadi zikapinda. Taka za jiji hili huishia huku kwetu Buhongwa, dampo lilipo, na najua kuna wenzetu wanaoishi kwa kuchambua kinachofika pale. Sikutaka maisha ya familia yangu yafike yakiwa mazima.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utulivu. Tuligawa diski sehemu mbili, moja ya mfumo na moja ya kazi zake, ili siku mfumo ukiharibika kazi zisiguswe. Tukafunga Linux, maana ni ya bure kihalali, na sikutaka nimfundishe mtoto faragha asubuhi na uharamia jioni.

Jumatatu nilirudi kwa fundi. Sikwenda kugombana. Nilimweleza tulichokiona, bila kutaja jina wala barua. Alisikiliza kwa heshima, akaendelea kuchomea waya wake, kisha akasema: "Dokta, mteja ananipa elfu tano kumpigia window. Hiyo saa nzima unayosema, umeme wa nani? Na meza yangu ni hii moja." Nyuma yake, kwenye rafu, nilihesabu diski kumi na nne.

Fundi yule alisema kweli, na ninaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waipime kauli yake. Tumemwachia kijana wa elfu tano jukumu la kulinda siri ambazo ofisi yenye bajeti, mkuu wa kitengo na mhuri imeshindwa kuzilinda. Saa ile moja ya umeme ilipaswa kulipwa kabla kompyuta haijatoka getini. Fomu ya kuondosha mali chakavu iongezewe mstari mmoja: diski imesafishwa na nani, lini, kwa njia gani, na je, kumbukumbu za umma zilizokuwemo zimehamishiwa wapi kabla ya kusafishwa? Mstari huo mmoja ungemlinda yule mama na ungemsaidia jirani yangu.

Nilibakiwa na swali langu la kwanza. Wiki iliyofuata nilipanda meli kwenda Nansio. Kati ya watu 43 niliweza kuwafikia watatu. Mmoja wao, ambaye mwaka 2010 alikuwa na nguvu za kuvuta nyavu usiku kucha, sasa anakaa chini ya mwembe na kuhesabu wajukuu. Nilimweleza yote: ahadi yangu, mauzo yangu, haraka yangu. Nilimwomba radhi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "niliyokuambia nilikuwa nimeshayapima. Nilijua wewe unaweza kusahau, unaweza kufa, unaweza hata kunisaliti. Binadamu namjua. Hiyo mashine ndiyo sikuijua. Ungeniambia kwamba haisahau, ningechagua maneno."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliagiza niletewe samaki, tukala. Njiani kurudi nilielewa kuwa kosa langu halikuanza mwaka 2012 mlangoni, mnunuzi akinisubiri. Lilianza mwaka 2010, nilipotoa ahadi kwa niaba ya kitu nisichokielewa.

Muhula huu nimebadilisha fomu ya ridhaa ambayo wanafunzi wangu huwasomea wanaowahoji. Sasa inaeleza sauti itakaa kwenye kifaa gani, kwa muda gani, na itafutwa vipi, na mwanafunzi ananionyesha kabla sijatia sahihi. Wengine wananung'unika kuwa ninawapotezea saa nzima. Kwa wanaharakati wanaoandika majina ya walioonewa, ombi langu ni hilohilo. Aliyekuamini amekiamini na kifaa chako bila kujua.

Nawe, ndugu msomaji, kompyuta yako ya kwanza ulimpa nani?